Usichonge ufunguo mpya kwanza: kutatua makosa ya uthibitishaji kwenye API ya miundombinu

Amri iliyofanya kazi jana, leo inarudisha 403, namba ya HTTP ya kukataliwa. Hujagusa kitu. Wengi wetu hapo hukimbilia konsoli, tukafuta ufunguo wa zamani na kutengeneza mwingine. Tafadhali usifanye hivyo bado. Nimeona funguo mpya zikitengenezwa wakati tatizo lilikuwa saa iliyochelewa, sera inayokataza, au alama isiyoonekana mwishoni mwa siri. Kila mara kosa lilibaki palepale, isipokuwa sasa programu nyingine tatu zilizotegemea ule ufunguo wa zamani nazo zilikuwa zimesimama. Ufunguo mpya ni dawa ya magonjwa mawili matatu tu, na ukiumeza kabla ya kujua unaumwa nini, unafuta ushahidi uliokuwa ukuoneshe ugonjwa.

Nitatumia mifano ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kwa sababu makosa yake yana majina yanayojulikana na saini yake imeigwa na huduma nyingi za kuhifadhi data. Mantiki yenyewe utaikuta karibu kwenye kila API (mlango ambao programu hupitishia maombi yake) ya kusimamia seva, mitandao na hifadhi.

## Bawabu anakagua nini

Ufunguo wa ufikiaji ni jozi. Nusu ya kwanza ni kitambulisho chenye herufi 20: kikianza na AKIA ni cha ufunguo wa kudumu, kikianza na ASIA ni cha ufunguo wa muda. Hiki si siri, ni jina unalotaja unapopiga hodi. Nusu ya pili ndiyo siri, herufi 40, na huoneshwa mara moja tu, siku ufunguo unapotengenezwa.

Siri hiyo haisafiri kamwe kwenye mtandao. Programu yako huchukua ombi zima, yaani aina ya ombi, njia, vigezo, baadhi ya vichwa vya HTTP na hashi ya SHA-256 (alama ya vidole ya kihesabu) ya mwili wa ombi, ikalipanga kwa utaratibu maalumu, kisha ikalitia saini kwa HMAC-SHA256. HMAC ni njia ya kutia saini ujumbe kwa kutumia siri, ya tangu 1997, imeelezwa katika RFC 2104, waraka wa viwango vya mtandao. Hata hapo siri haitumiki ikiwa mbichi: huchanganywa kwanza na tarehe, kanda (eneo la vituo vya data), jina la huduma na neno `aws4_request`, hatua kwa hatua, ndipo unapopatikana ufunguo wa kusainia wa siku hiyo, kanda hiyo, huduma hiyo. Kinachokwenda kwenye seva ni kitambulisho na saini ya herufi 64. Seva hurudia hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, umetambuliwa. Ikipishana herufi moja tu, umekataliwa, na seva haina namna ya kujua kama ni wewe uliyekosea nukta au ni mwizi anayebahatisha.

Kwa hiyo bawabu wa API ana maswali manne. Ninamjua anayetajwa? Saini hii ni yake kweli? Ombi ni la sasa au ni la zamani limeokotwa? Na je, anaruhusiwa kufanya anachoomba? Kila swali lina jibu lake la kukataa, na kazi yako ya kwanza ni kujua umekwama kwenye lipi.

Usitegemee namba ya HTTP kukuambia. Kwa mujibu wa kanuni za HTTP (RFC 9110 ya 2022), 401 ni ya asiyetambuliwa na 403 ni ya aliyekatazwa. Lakini S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, hurudisha 403 hata kwa kitambulisho kisichojulikana na kwa saini mbovu. Soma jina la kosa lililo ndani ya mwili wa jibu. Ikiwa programu yako inaandika kwenye logi "403 Forbidden" tu na kutupa mwili, rekebisha hilo kabla ya kingine chochote, maana bila mwili wa jibu unapapasa gizani.

## Kwanza: ni nani hasa anayepiga hodi?

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote, endesha amri hizi mbili mahali palepale panapokataa. Usiziendeshe kwenye kompyuta yako wakati kinachokataa ni seva.

`aws configure list`
`aws sts get-caller-identity`

Ya kwanza inaonesha herufi nne za mwisho za ufunguo unaotumika na, la muhimu zaidi, umetoka wapi: kwenye vigeu vya mazingira, kwenye faili la `~/.aws/credentials`, au kwenye jukumu (utambulisho wa kuazima wenye ruhusa zake) lililofungwa kwenye seva. Ya pili inauliza seva, "mimi ni nani?" na haihitaji ruhusa yoyote. Hata msimamizi akiandika sera ya kuikataza, bado itajibu. Ndiyo maana ni kipimo kizuri: ikijibu kwa namba ya akaunti na jina, maswali matatu ya kwanza ya bawabu yamepita, na tatizo lako liko kwenye ruhusa. Ikikataa, liko kwenye utambulisho, saini au wakati.

Mara nyingi sana uchunguzi unaishia hapahapa, kwa sababu jibu linaonesha mtu usiyemtarajia. Vigeu vya mazingira hushinda faili. Ukiwa uliwahi kuandika `export AWS_ACCESS_KEY_ID=...` kwenye terminali hiyo kwa jaribio la asubuhi, hariri faili la credentials mpaka jioni, haitasaidia kitu. Kuna mtego mwingine wa jirani: kuweka `AWS_PROFILE` hakuzimi funguo zilizo kwenye mazingira, lakini kuandika `--profile` kwenye amri yenyewe kunazizima. Mtu anaweza kuapa kwamba anatumia profaili ya majaribio huku maombi yake yanatoka kwa akaunti ya uzalishaji.

`env | grep AWS_` itakuonesha yote. Itaonesha na siri pia, kwa hiyo usiiendeshe huku unashirikisha skrini.

## Dalili: "InvalidClientTokenId" au "InvalidAccessKeyId"

Bawabu anasema: simjui huyu. Saini bado haijawa hoja.

Sababu za wazi ni ufunguo uliofutwa au uliozimwa. Mwenye ruhusa ya kuangalia anaweza kuthibitisha kwa `aws iam list-access-keys --user-name` ikifuatiwa na jina la mtumiaji. Hali ikisomeka `Inactive`, muulize aliyeuzima kabla ya kuuwasha. Huenda aliuzima kwa sababu uliwahi kuonekana mahali usipopaswa kuonekana. Kitambulisho kilichonakiliwa nusu nacho huleta kosa hili, basi hesabu herufi: ni 20.

Lakini kuna sababu moja iliyonila muda kuliko zote hizo, na inampata kila anayechanganya funguo za kudumu na za muda. Ufunguo wa muda una sehemu tatu badala ya mbili: kitambulisho, siri, na tokeni ya kikao. Ukiwa na ufunguo wa ASIA bila tokeni yake, hutambuliki. Hilo ni rahisi kuliona. Gumu ni kinyume chake. Jana uliweka vigeu vyote vitatu. Leo umepewa ufunguo wa kudumu, ukabadilisha `AWS_ACCESS_KEY_ID` na `AWS_SECRET_ACCESS_KEY`, viwili tu, kwa kuwa ndivyo ulivyopewa. `AWS_SESSION_TOKEN` ya jana bado imekaa, na maktaba inaituma kwa uaminifu pamoja na ufunguo mpya. Seva inaona tokeni isiyo ya ufunguo huu, inakataa kwa ujumbe "The security token included in the request is invalid". Wewe unasoma "token" na kudhani ni ufunguo mpya wanaousema. Unaomba mwingine. Nao unakataliwa vilevile. Dawa ni amri moja:

`unset AWS_SESSION_TOKEN`

Sababu nyingine mbili, kwa ufupi. Ufunguo uliotengenezwa sekunde chache zilizopita huenda haujaenea kwenye mfumo mzima, kwa hiyo skripti inayotengeneza ufunguo na kuutumia papo hapo inahitaji kusubiri na kujaribu tena. Na kanda za AWS zilizoko China zina akaunti zake peke yake: ufunguo wa kwingine haujulikani huko, na wa huko haujulikani kwingine.

## Dalili: "SignatureDoesNotMatch"

Hapa bawabu anakujua kwa jina, ila sahihi uliyoweka haifanani na aliyonayo. Ni habari njema kiasi: kitambulisho kipo na kinafanya kazi. Ama siri uliyonayo si ile, ama kilichosainiwa si kile kilichofika.

Anza na siri, na uianze kwa kuihesabu:

`printf %s "$AWS_SECRET_ACCESS_KEY" | wc -c`

Jibu liwe 40. Likiwa 41, kuna alama ya mwisho wa mstari imejibanza. Faili likiwa limeandikwa kwenye Windows, kila mstari huishia na alama mbili badala ya moja, na `cat -A` itakuonesha `^M$` mwishoni. Likiwa 42, kuna uwezekano mkubwa umebeba na alama za kunukuu: `docker run --env-file` haiondoi alama hizo kama shell inavyofanya, inazichukua kuwa sehemu ya thamani. Ikiwa pungufu, kuna kitu kimeliwa njiani. Siri huweza kuwa na `+` na `/` ndani yake. Ikipitishwa kwenye fomu au URL bila kusimbwa, `+` hugeuka nafasi, na ikiingizwa kwenye `sed` inayotumia mkwaju kutenganisha, amri yenyewe inavunjika.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la herufi ya 41, kwa sababu lina sura moja inayodanganya hata macho makini. Usiku mmoja mwenzangu wa kazi alinipigia. Huduma iliyohamishiwa kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, ilikuwa inakataliwa saini kila ombi. "Kaka, siri ni ileile, nimeinakili mwenyewe, na nimelinganisha urefu," alisema. Alikuwa amelinganisha urefu wa maandishi ya base64 (data iliyogeuzwa kuwa herufi za kawaida) yaliyoko kwenye Secret, kasha la siri la Kubernetes, na ya mazingira ya zamani: 56 na 56. Hakukosea kuhesabu. Base64 hufunga baiti tatu tatu, na baiti 40 zinatoa herufi 56. Baiti 41 nazo zinatoa 56. Tofauti iko kwenye mkia. Siri safi ya baiti 40 huishia na `==`. Siri iliyoongezewa mstari mpya huishia na `o=`. Ya kwake iliishia na `o=`. Alikuwa ameandika `echo "..." | base64`, na `echo` huongeza mstari mpya bila kuombwa. Ilitosha kutumia `printf %s` mahali pa `echo`.

Kwa kitambulisho cha herufi 20 mkia ni mwingine: safi huishia na `=` moja, chenye mstari mpya huishia na `K` bila `=` yoyote. Kizuri ni kwamba mstari mpya kwenye kitambulisho hujitangaza mapema, kwa kuwa maktaba nyingi hukataa zenyewe kutuma kichwa cha HTTP chenye alama hiyo. Kwenye siri hakuna anayelalamika. Inaingia kwenye hesabu ya HMAC kimyakimya na kutoa saini nzuri kabisa ya siri ambayo haipo.

Siri ikiwa sawa, geukia ombi lenyewe. Ukitumia maktaba rasmi au zana ya amri, ruka sehemu iliyobaki ya aya hii uende kwenye proksi. Ukiwa umeandika mwenyewe msimbo wa kutia saini, huenda tatizo liko humo, na S3 inakupa msaada ambao wengi hawaufungui: jibu lake la kukataa lina `StringToSign` na `CanonicalRequest` kama seva ilivyoviona. Chapisha vya kwako kando yake, mstari kwa mstari. Usitafute kosa kwenye HMAC, maana hiyo ni ya maktaba na haikosei. Tafuta kwenye mpangilio. Vigezo vya URL havikupangwa kwa alfabeti. Nafasi imesimbwa kuwa `+` badala ya `%20`. Majina ya vichwa yameachwa na herufi kubwa. Njia imesimbwa mara moja kwenye huduma inayotaka mara mbili, au mara mbili kwenye S3 inayotaka mara moja. Mwili mtupu umeachwa bila hashi, kumbe hata utupu una hashi yake, inayoanza na `e3b0c442` na kuishia na `b855`. Ukiiona namba hiyo kwenye ombi lako la POST lenye data, ujue ulisaini mwili kabla haujajazwa.

Proksi, yaani seva ya kati inayopitisha maombi, ni mtuhumiwa wa pili. Kichwa cha `Host` huwa ndani ya saini. Proksi au kisawazisha mzigo kikikiandika upya, au kikiongeza namba ya mlango, au kikinyoosha njia yenye mikwaju miwili mfululizo, kilichofika si kilichosainiwa. Kipimo ni kutuma ombi lilelile bila kupita hapo. Likikubaliwa, usiguse ufunguo. Mtafute mwenye proksi.

Kanda nayo imo ndani ya saini. Ukikosea, baadhi ya huduma husema wazi kwamba "Credential should be scoped to a valid region", na S3 hutaja hadi kanda iliyokuwa inaitarajia. Amini ujumbe huo ulivyo.

## Dalili: "RequestTimeTooSkewed", au "Signature expired"

Saa yako imepotea. Muhuri wa wakati huwa ndani ya saini ili mtu akiliokota ombi lako asiweze kulirudia kesho. Kwa huduma nyingi za AWS ombi linatakiwa lifike ndani ya dakika 5 za muhuri wake. S3 huvumilia dakika 15. Ujumbe wenyewe kwa kawaida hutaja saa yako na ya seva, kwa hiyo pima pengo kabla ya kufanya lolote.

Pengo la dakika chache linaloongezeka polepole ni la mashine isiyosawazisha saa: angalia `timedatectl`, na kama unatumia chrony, `chronyc tracking`. Pengo lililotokea ghafla baada ya kufungua kompyuta ni la mashine pepe iliyolazwa ikaamka na saa ya wakati ilipolala. Pengo la saa kamili kadhaa, bila dakika za ziada, ni la majira: ama msimbo wako unatuma saa ya mahali ulipo wakati inatakiwa UTC, ama mtu aliisogeza saa kwa mkono ili ukutani isomeke sawa, badala ya kuweka kanda ya saa. Kwenye hali hii ya mwisho `date` itakuonesha saa iliyo sahihi kabisa machoni. Uliza `date -u`.

Kontena hutumia saa ya mashine iliyolibeba. Usihangaike kuirekebisha ndani ya kontena.

## Dalili: "ExpiredToken", na kazi inayokufa kila baada ya saa moja

Kitu kinachokufa kwa ratiba kina ratiba. Ufunguo wa muda unaotolewa na AssumeRole, ombi la kuingia jukumu, hudumu saa 1 usipotaja muda, unaweza kushuka hadi dakika 15, na unaweza kupanda hadi saa 12 jukumu likiruhusu. Lakini ukitumia jukumu moja kuingia jukumu jingine, huvuki saa 1 hata uombe vipi. GetSessionToken, ombi la ufunguo wa muda bila kubadili jukumu, kwa mtumiaji wa kawaida hutoa saa 12, na mwisho wake ni 36.

Kosa halisi karibu kila mara ni programu iliyosoma ufunguo mara moja ilipowaka na kuukumbatia, au skripti iliyonakili vigeu vitatu kwenye mazingira na kuita kazi ya saa tatu. Maktaba rasmi hujua kuomba ufunguo mpya kabla wa zamani haujaisha, mradi uiache ichukue yenyewe kutoka kwenye jukumu la seva au kwenye profaili. Ukinakili funguo na kuziweka mkononi mwake, unaiondolea uwezo huo. Kwa hiyo kurefusha muda hadi saa 12 kunaahirisha tu; ondoa hiyo hatua ya kunakili.

## Dalili: "AuthFailure" kutoka EC2

EC2, huduma ya seva za AWS, ni bahili wa maneno. Ufunguo usiojulikana, siri isiyo sahihi na hata saa iliyopotea vinaweza vyote kurudi kama `AuthFailure`. Usibahatishe. Peleka ufunguo huohuo kwa STS, huduma ya AWS ya funguo za muda, kwa ile amri ya `get-caller-identity`, usome jina la kosa litakalorudi huko, kisha urudi kwenye dalili zilizo hapo juu.

## Dalili: "AccessDenied" au "UnauthorizedOperation"

Umetambuliwa. Hapa ufunguo hauna kosa lolote, na kuubadilisha hakutabadilisha jambo, kwa sababu ruhusa hukaa kwa mtumiaji au kwenye jukumu. Ufunguo mpya wa mtumiaji yuleyule utagonga ukuta uleule.

Soma ujumbe polepole hadi mwisho, kwani siku hizi unataja mambo manne: wewe ni nani, ulitaka kufanya nini, juu ya kitu gani, na kwa nini umekataliwa. Ukiona "because no identity-based policy allows", ruhusa haijaandikwa popote: iombe kwa jina la kitendo lililotajwa, si zaidi. Ukiona "explicit deny", kuna mahali imeandikwa waziwazi kwamba hapana, na kuongeza ruhusa hakutasaidia, maana katazo hushinda ruhusa daima. Ikiwa katazo linatoka kwenye sera ya shirika zima, hata msimamizi wa akaunti hawezi kulivuka, kwa hiyo peleka ombi lako juu na usimsumbue yeye. EC2 hufunga sababu ndani ya maandishi marefu yasiyosomeka; yafungue kwa `aws sts decode-authorization-message`.

Ikiwa jambo lilelile linakubali ukiingia kwa kivinjari na linakataa ukitumia ufunguo, shuku sharti la uthibitishaji wa hatua mbili. Ufunguo wa kudumu peke yake haubebi ushahidi kwamba uliweka msimbo wa simu. Unahitaji kuomba ufunguo wa muda kwa GetSessionToken ukitaja msimbo huo.

Na kuna katazo moja nisilotaka ulipite haraka. Ukikuta kwenye mtumiaji sera yenye jina linaloanza na `AWSCompromisedKeyQuarantine`, ambayo hakuna kati yenu aliyeiweka, AWS ndiyo imeiweka, kwa sababu ufunguo huo umeonekana hadharani, kwa mfano kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi. Sera hiyo hukataza vitendo ambavyo wezi hukimbilia, kama kuwasha seva mpya na kutengeneza funguo nyingine. Usiiondoe ili kazi iendelee. Hapa sasa ufunguo mpya ndiyo dawa, na ya haraka: zima ule uliovuja, kagua CloudTrail, kumbukumbu ya matukio ya AWS, uone umefanya nini na kutoka wapi, ndipo uendelee na mengine. Kufuta faili kwenye hazina hakutoshi, kwa kuwa historia ya Git inabaki nalo.

## Dalili: "MissingAuthenticationToken"

Ombi limefika bila saini kabisa. Angalia kama kuna kuelekezwa upya njiani. Tangu toleo 7.58.0 la Januari 2018, curl haitumi kichwa cha `Authorization` ulichokiandika mwenyewe kwa seva nyingine inayoelekezwa, na inafanya hivyo kukulinda. Tumia anwani ya mwisho moja kwa moja. Kwenye API Gateway, huduma ya AWS ya kuchapisha API zako, ujumbe huu una maana nyingine inayopotosha: hutokea pia ukiita njia au aina ya ombi ambayo haipo. Kabla ya kugusa ufunguo, hakiki tahajia ya URL.

## Dalili: mara inakubali, mara inakataa

Ufunguo mmoja hauwezi kuwa sahihi saa 4:01 na mbovu saa 4:02. Basi zipo mashine zaidi ya moja zinazotuma, na mojawapo ina ufunguo wa zamani au saa mbovu. Panga makosa kwa jina la mashine, na mara nyingi yote yataangukia moja. Ikiwa ujumbe ni `Throttling` au `RequestLimitExceeded`, au namba ni 429, hilo si suala la utambulisho hata kidogo: unaita mara nyingi mno, punguza kasi na uongeze muda kati ya majaribio.

## API zinazotumia tokeni badala ya saini

Watoa huduma wengi hawana saini. Unatuma `Authorization: Bearer` na tokeni yenyewe, basi. Makosa ya saa na ya mpangilio yanatoweka, lakini sasa siri inasafiri na kila ombi, na logi yoyote inayohifadhi vichwa inahifadhi siri. Hapa hakiki mambo matatu: neno `Bearer` lipo na limefuatwa na nafasi moja, hakuna mstari mpya mwishoni, na tokeni ina upeo wa kazi unayoitaka, kwani tokeni ya kusoma tu itakubali GET zote na kukataa POST ya kwanza. Cloudflare ina njia ya kupima tokeni bila kugusa kitu, `/user/tokens/verify`. Kwa DigitalOcean kuuliza `/v2/account` hufanya kazi hiyo ikiwa tokeni ina ruhusa ya kusoma akaunti.

## Ikithibitika kwamba ufunguo mpya unahitajika

Mtumiaji mmoja wa IAM, mfumo wa AWS wa watumiaji na ruhusa, anaruhusiwa funguo mbili kwa wakati mmoja, na nafasi ya pili ipo kwa ajili ya zamu hii. Tengeneza wa pili huku wa kwanza ukiwa hai. Upeleke kila mahali unapotumika. Kisha uliza `aws iam get-access-key-last-used` juu ya ule wa zamani: itakuambia ulitumika lini mara ya mwisho, kwenye huduma gani na kanda gani. Tarehe ikiendelea kusogea, kuna mahali hujapafikia, na jina la huduma na kanda vitakuelekeza. Ikisimama, uzime tu, usiufute. Subiri mzunguko mzima wa kazi zako, pamoja na ile inayofanyika mara moja kwa mwezi. Kitu kikilia, unauwasha tena kwa sekunde moja. Kisipolia, ufute.